Maswali ya Wasomaji: Kuorodhesha Buibui wa Kwetu

Safari hii ukurasa ni wa wanaokusanya na kuorodhesha buibui: walimu, wanafunzi, waongoza watalii, hata wenye nyumba. Barua tumezifupisha.

Shule yetu iko kando ya kipande cha msitu wa mlimani. Klabu ya mazingira iliamua kuorodhesha buibui, lakini wanafunzi walizunguka ovyo wakarudi na buibui wengi wa aina zile zile tatu nne. Tuanzie wapi? – Mwalimu wa baiolojia, Wundanyi

Mwalimu, wanafunzi wako walitafuta kwa macho, mchana, kwenye usawa wa kifua. Hapo watapata wenye tandabui kubwa tu. Buibui wa msituni wamegawana ngazi na saa, kwa hiyo nanyi mgawane.

Utaratibu unaotumika misitu mingi ya tropiki ni wa kupima kazi kwa saa. Mtu mmoja, njia moja, saa moja kamili: hiyo ndiyo sampuli moja, na ina chupa yake. Saa isimamishwe anayekusanya anapofunga chupa au kunywa maji, la sivyo mwenye mikono mizito ataonekana ameingia msitu maskini. Njia ni nne. Ya kwanza ni kutafuta kuanzia magotini kwenda juu hadi mkono unapofika. Ya pili ni kutafuta chini: kwenye mizizi, magogo, mawe na udongo. Ya tatu ni kupiga matawi: tandaza kitambaa cheupe cha mita moja kwa moja chini ya tawi, lipige kwa fimbo mapigo matatu au manne ya nguvu, kisha okota haraka, maana wengine hujifanya wamekufa kwa sekunde chache tu halafu wakatoweka. Ya nne ni kuchekecha majani makavu kwa wavu wa matundu ya sentimita moja juu ya shuka nyeupe. Baada ya kuchekecha usiinuke upesi. Buibui wa milimita moja au mbili huanza kutembea baada ya dakika tano, na hao ndio orodha nyingi huwakosa.

Kazi yote irudiwe usiku. Tochi ivaliwe kichwani, karibu na usawa wa macho, kwa sababu macho ya buibui mbwa-mwitu (Lycosidae) hurudisha mwanga kwenye chanzo chake. Ukishika tochi kiunoni hutauona. Tandabui nyembamba zinyunyizie unga laini wa mahindi au wanga, zitajitokeza zote, ila piga picha kwanza.

Mitego ya vikombe ongezeni mkiweza. Kikombe cha kipenyo cha sentimita 7 hadi 9 kizikwe mpaka ukingo wake uwe sawasawa na udongo. Ukingo ukichomoza hata milimita tano, buibui watauzunguka, na hili ndilo kosa la kwanza la mitego mitupu. Jaza theluthi moja kwa maji yaliyokolea chumvi pamoja na matone mawili ya sabuni ya maji. Bila sabuni buibui mwepesi hutembea juu ya maji akatoka. Weka kipaa cha bati au sahani ya plastiki sentimita tatu juu yake kuzuia mvua, mtego hadi mtego mita tano, na utoe mavuno kila baada ya siku tatu. Usitumie dawa ya rejeta ya gari, ni tamu na inaua mbwa na mbuzi.

Nendeni baada ya masika na tena wakati wa vuli. Madume wakomavu wa spishi nyingi huonekana majuma machache tu kwa mwaka, na bila dume mara nyingi hamna jina.

Shikamooni. Programu ya simu ilinipa jina kamili la spishi kutokana na picha, nikaliandika kwenye orodha ya mradi wangu. Msimamizi amelifuta. Kosa langu ni lipi? – Mwanafunzi, Muheza

Marahaba. Msimamizi yuko sahihi. Programu hizo hujifunza kutoka kwenye picha ambazo tayari zina majina, na picha za buibui wa Afrika Mashariki zilizothibitishwa na wataalamu ni chache. Ikikosa spishi ya Usambara inakupa ndugu yake wa mbali, tena bila haya.

Tatizo la msingi haliko kwenye simu, liko kwenye mwili wa buibui. Rangi na madoa hubadilika ndani ya spishi moja, na spishi mbili tofauti zinaweza kufanana mgongoni kabisa. Kinachotenganisha ni viungo vya uzazi vya mkomavu. Kwa dume, tazama ncha za vipapasio, vile viguu vifupi viwili vilivyo mbele. Kwa dume mkomavu ncha imevimba na ina vipande vigumu vyeusi, miba na vijembe. Ikiwa imevimba lakini ni laini kama puto, huyo amebakiza kujivua gamba mara moja. Hana thamani ya jina. Kwa jike, mgeuze: chini ya tumbo, karibu na kiuno, mkomavu ana kibamba kigumu kiitwacho epijini. Tahadhari: familia kadhaa, mathalani Scytodidae na Oonopidae, na kundi lote la buibui wakubwa wa mashimoni, majike wao hawana kibamba hicho hata wakikomaa. Hao hutambuliwa kwa viungo vya ndani.

Vitu hivi vina ukubwa wa sehemu ndogo ya milimita, vinahitaji hadubini ya kukuza mara 40 hadi 60. Epijini hukatwa kwa ncha ya sindano ikasafishwa nyama ili mirija ya ndani ionekane. Mafuta ya karafuu hufanya kazi hiyo vizuri, lakini kipande lazima kwanza kipitie ethanoli ya asilimia 96. Ukikitoa kwenye ethanoli ya 75 ukakitumbukiza moja kwa moja, mafuta yanageuka ukungu na huoni kitu. Ukimaliza kipande kirudi kwenye ethanoli, ndani ya kichupa kidogo, pamoja na mwili wake. Epijini bila mwenyewe ni takataka.

Kwenye orodha andika unachoweza kukitetea. Kama una uhakika na jenasi pekee (kundi la spishi ndugu, jina la kwanza kati ya mawili), andika “Gasteracantha sp. 1”. Kama anafanana sana na spishi fulani lakini hujathibitisha, weka “cf.” kati ya jenasi na jina la spishi. “sp. 1” yako iambatane na namba ya kichupa, ili atakayekuja baadaye aweze kufungua na kuangalia. Picha usiziache, zinashika rangi zinazopotea kwenye ethanoli: piga mgongo, uso, chini ya tumbo, na tandabui yenyewe.

Vielelezo vyangu vimekuwa vyeusi, vingine vimekakamaa miguu ikakatika, na maandishi ya lebo yamefutika. Natumia spiriti ya rangi ya dukani. – Mwongoza watalii, Morogoro

Hapa kuna makosa matatu tofauti.

Weusi ni kuoza. Ama spiriti ilikuwa hafifu, ama chupa ilijazwa buibui mpaka maji ya miili yao yakaizimua. Kiasi cha buibui kisizidi sehemu moja kwa kumi ya kimiminika, na siku inayofuata ubadilishe chote. Kwa buibui mwenye tumbo kubwa badilisha tena baada ya wiki. Pombe kali za dukani, zenye asilimia 35 hadi 40, hazifai hata kwa usiku mmoja.

Kukakamaa kunatokana na ethanoli kali kupita kiasi. Kwa kutazama umbo unahitaji asilimia 70 hadi 80. Chukua mililita 780 za ethanoli ya 96, ongeza maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka lita moja: hiyo ni takribani 75. Kwa kazi ya DNA mambo ni kinyume: 96, tena kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri ikipatikana. Njia ya kati ni kunyofoa miguu miwili ya upande mmoja, ukaiweka kwenye kichupa chake cha 96 chenye namba ileile, na mwili ukabaki kwenye 75. Fomalini usiiguse kabisa. Inakaza mwili na kuharibu DNA. Spiriti ya rangi tumia pale tu huna kingine, ubadilishe ukifika nyumbani, kwa sababu ile rangi hushika kwenye vinyweleo.

Lebo iandikwe kwa penseli au kalamu ya wino usioyeyuka kwenye pombe, juu ya karatasi nzito, na iingie NDANI ya kichupa. Kalamu ya kawaida hufutika kwa saa chache. Maandishi ya mashine ya leza yanadanganya zaidi: hukaa miezi, kisha herufi hubanduka zikaelea chini kama pilipili manga. Lebo yenyewe iwe hivi:

TANZANIA, Usambara Mashariki, Amani, 5.100°S 38.630°E, m 900, msitu wa asili, kuchekecha majani, tarehe, mwezi kwa namba za Kirumi, mwaka, jina la mkusanyaji.

Herufi hiyo ya “S” msiisahau. Ukiingiza 5.1 kwenye kompyuta bila alama ya kutoa, buibui wako wa Amani anahamia kusini mwa Ethiopia, na makosa ya aina hii yamejaa kwenye hazina za data.

Kitabu changu kinasema Nephila sumptuosa, mtandaoni naona Trichonephila sumptuosa. Nifuate lipi? Na kwa nini jina la mtu wakati mwingine linafungwa kwenye mabano? – Msomaji, Tanga

Fuata la pili. Mjerumani Gerstäcker alimwelezea buibui huyu mwaka 1873, kutokana na vielelezo vya safari za mvumbuzi von der Decken huku Afrika Mashariki, akamweka kwenye jenasi Nephila. Mwaka 2019 jenasi hiyo iligawanywa baada ya uchunguzi wa DNA, na wengi wa Afrika wakapelekwa Trichonephila. Ndiyo maana sasa tunaandika Trichonephila sumptuosa (Gerstäcker, 1873). Mabano yanamaanisha kwamba mtoa jina alimweka kwenye jenasi nyingine. Asipohamishwa, mabano hakuna. Kwa hiyo mabano si mapambo, na kuyaweka ovyo ni kutoa habari ya uongo.

Aina ya pili ya mabadiliko ni jina moja kumezwa na jingine. Yule buibui mkubwa wa mashimoni wa Kenya na Tanzania, mwenye rangi ya kutu, alijulikana miaka mingi kama Citharischius crawshayi, jina la mwaka 1900. Ikabainika kuwa ni yuleyule aliyeitwa Pelinobius muticus mwaka 1885. La zamani ndilo linaloshika. Kwa wanyama wengine hesabu ya majina halali huanza mwaka 1758, lakini buibui wamepewa upendeleo: kazi ya Msweden Clerck ya mwaka 1757 inatambuliwa.

Pa kuhakiki ni Katalogi ya Buibui Duniani, inayotunzwa na Makumbusho ya Viumbe Asilia ya Bern, Uswisi. Kuisoma ni bure. Mwezi Aprili 2022 ilivuka spishi 50,000. Kwenye orodha yako andika tarehe uliyohakiki.

Nawezaje kumweka buibui kwenye familia bila maabara? – Mwenye nyumba ya wageni, Kilifi

Kwa lensi ya mkononi ya kukuza mara 10 utafika mbali. Anza na meno ya sumu. Yakielekea chini sambamba, kama pikipiki mbili zilizoegeshwa, huyo ni wa kundi la buibui wa mashimoni. Yakikutana kama kibano, ni wa kundi kubwa lililobaki.

Halafu hesabu macho na mpangilio wake. Macho manne chini kwa safu, mawili makubwa juu yake, mawili tena nyuma: Lycosidae, na jike wake huburuta mfuko wa mayai nyuma ya tumbo. Mawili makubwa sana mbele kama taa za gari: Salticidae, warukaji. Macho sita kwenye safu moja mbele, mwili bapa kama karatasi ukutani: Selenopidae. Miguu yenye miba mirefu iliyosimama na macho yaliyojipanga pembesita: Oxyopidae, hao wamejaa kwenye majani ya kunde na michungwa. Macho sita tu, kwa jozi tatu: ama Scytodidae, mwenye mgongo wa nundu na madoa, ama Sicariidae, aliye bapa. Vitoa uzi viwili virefu kama mkia, anakaa kwenye shina la mti akifanana na gome: Hersiliidae.

Miguu nayo inasema. Wanaoishi kwenye tandabui kwa kawaida wana kucha tatu. Wawindaji wengi wana mbili na kishungi cha vinyweleo, ndiyo maana hupanda kioo. Buibui mkubwa wa ukutani anayekimbia kimshazari kama kaa, mwenye miguu iliyogeukia pembeni, huyo ni Sparassidae. Tandabui ya duara iliyolala mlalo, mwenyewe ana miguu yenye manyoya: labda Uloboridae, familia isiyo na tezi za sumu hata kidogo.

Usimtupe chungu “maji moto” bila kumkagua. Jenasi Myrmarachne ni warukaji wanaoiga chungu, na huinua miguu ya mbele kama vipapasio vya chungu. Hesabu miguu: minane.

Kenya na Tanzania zina spishi ngapi? – Msomaji, Nakuru

Orodha ya Kenya iliyochapishwa mwaka 2021 ina zaidi ya spishi 800. Ni zile zilizokwisha kuandikwa tu. Kwa kulinganisha, utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2002 kutoka msitu wa Uzungwa Scarp, Tanzania, ulipata buibui wakomavu zaidi ya 9,000 wa spishi 170, bila kugusa vilele vya miti.

Kama una orodha yako na unataka kujua umekosa ngapi, hesabu spishi ulizopata mara moja tu na ulizopata mara mbili. Tuseme una spishi 61, kati yake 20 zina buibui mmoja mmoja na 8 zina wawili wawili. Zidisha 20 kwa 20, gawa kwa mara mbili ya 8: 400 kwa 16, yaani 25. Jumla inayokadiriwa si chini ya 86. Msihesabu wachanga humo, wataharibu hesabu yote.

Nadhani nimepata spishi mpya Uluguru. Nifanye nini? – Mtafiti kijana, Dodoma

Nadharia yako inaweza kuwa kweli. Milima ya Tao la Mashariki, kutoka Taita hadi Udzungwa na Mahenge, imetenganishwa na nyika kavu kwa muda mrefu, na buibui wadogo wa unyevunyevu hawavuki. Familia Cyatholipidae na jenasi Buitinga zina spishi zilizofungwa kwenye mlima mmoja.

Ila “sijamwona popote” haitoshi. Kwanza, vibali viwe safi: COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), wasimamizi wa hifadhi husika, na serikali ya kijiji usiiruke. (Kwa wasomaji wa Kenya, ni NACOSTI, tume ya sayansi, na KWS, shirika la wanyamapori.) Jarida makini huuliza namba ya kibali, na kielelezo kilichotoka nchini bila kibali kinaweza kukufungia milango ya miaka mingi.

Pili, tafuta dume na jike kutoka sehemu moja, na zaidi ya mmoja mmoja. Spishi nyingi zimewahi kupewa majina mawili, dume lake na jike lake.

Tatu ndiyo ngumu: kulinganisha na holotaipu, yaani kile kielelezo kimoja kinachobeba jina. Za kwetu nyingi ziko kwenye makumbusho ya Berlin, Stockholm, Copenhagen, London na Tervuren (Ubelgiji). Msweden Tullgren alieleza mwaka 1910 buibui wa safari ya Kilimanjaro na Meru ya 1905 na 1906. Mwandishi wa zamani akikueleza umbo kwa mistari sita bila mchoro wa epijini, huna budi kuomba picha kutoka makumbusho. Wahifadhi wengi hujibu ukitaja namba ya kielelezo na sehemu hasa unayotaka. Soma lebo za zamani kwa mashaka. “Deutsch-Ostafrika” (Afrika Mashariki ya Kijerumani) inaweza kuwa Tanganyika, Rwanda au Burundi. “Zanzibar” mara nyingine ni bandari tu ambako sanduku lilipakiwa, na buibui mwenyewe ni wa bara.

Ukiridhika, chora au piga picha kipapasio kwa pande mbili, epijini kwa nje na kwa ndani, pima urefu wa kila pingili ya mguu, chagua holotaipu moja, na uiweke kwenye makumbusho ya umma yenye mtunzaji. Kabati la ofisini kwako halihesabiki. Vielelezo vingine vigawe sehemu mbili, moja ibaki nchini.

Wanafunzi wangu wanaogopa. Wapo wa kuua? – Mwalimu, Lindi

Wanaostahili heshima ni wachache. Mjane wa kahawia, Latrodectus geometricus, hukaa chini ya viti na masanduku; mfuko wake wa mayai una vichomozo kama tufe la miba, na alama chini ya tumbo ni umbo la saa ya mchanga, rangi ya chungwa. Sicariidae nao tumewataja. Tumieni kichupa na kipande cha karatasi ngumu, si vidole, na viatu vikung'utwe kambini.

Yule mwenye miguu mirefu kama uzi chooni, je, aingie kwenye orodha? – Msomaji, Bukoba

Akiwa na kiuno, na ananing'inia kichwa chini kwenye uzi akijitikisa ukimgusa, aingie: ni Pholcidae. Akiwa na mwili wa kipande kimoja kama punje, macho mawili juu ya kinundu, na hana uzi wowote, huyo ni wa oda ya Opiliones. Ni ndugu wa buibui, si buibui. Mwandikie ukurasa wake, pamoja na nge.